Ngazi za Kwenda kwa Dada

Fundi saa alikaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, koleo nyembamba na saa za watu. Chai aliletewa pale pale. Soda aliletewa pale pale. Watu wa mtaani walimwita Bonge, naye alicheka nao. Lakini moyoni alikuwa na jambo lisilochekesha.

Dada yake, pacha wake, aliishi ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza, hakuweza kushuka. Kaka mtu, kwa unene wake, hakuweza kupanda. Kila Jumapili alisimama chini na kuinua uso. Dada alikaa dirishani, akampungia mkono. Waliongea kwa simu huku wakitazamana kwa mbali.

"Umepika nini leo?"

"Njoo uonje."

"Nitakuja, dada."

"Tangu mwaka jana unakuja."

Jumapili moja dirisha lilikuwa limefungwa. Simu ilipokelewa na mpwa wake wa kike.

"Mama ana homa, mjomba. Amelala."

Fundi hakungoja. Alipanda. Kabla ya kufika ghorofa ya pili, magoti yaligoma na kifua kikabana. Akaketi kwenye ngazi. Huko juu alisikia dada yake akikohoa. Alishuka taratibu, machozi yakimlengalenga.

Dada alipona siku chache baadaye, lakini kile kikohozi hakikumtoka fundi masikioni. Alimsimulia muuguzi mmoja, mteja wake.

"Kifua kubana si jambo la kupuuza," muuguzi alisema. "Twende kliniki leo hii."

Daktari alimpima moyo, sukari na presha. Moyo ulikuwa mzima. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Mizani ilisoma kilo mia moja na nane.

"Basi nitaacha kula," fundi alisema. "Nipungue upesi, nimwone dada yangu."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Ukishinda na njaa, jioni utakula mara mbili. Uzito huu haukuja kwa wiki moja, na hautaondoka kwa wiki moja. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Chai unaweka sukari vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Wiki hii weka vitatu. Wiki ijayo viwili. Badala ya soda, kunywa maji. Nusu ya sahani yako iwe mboga. Na kila baada ya saa moja inuka, tembea hadi mwisho wa mtaa, urudi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Lakini kila siku."

Chai ya vijiko viwili aliiona kama maji ya kuoshea vikombe. Wiki ya tatu mizani haikusogea hata kidogo, akataka kukata tamaa.

"Mizani ina siku zake," muuguzi alimwambia. "Wewe endelea."

Akaendelea. Daktari alipomruhusu, alianza kupanda zile ngazi, polepole, akipumzika. Jumapili ya kwanza alifika ghorofa ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa, ya pili. Dada alifungua mlango wake na kumwita kutoka juu.

"Umefika wapi leo?"

"Karibu na ya tatu."

"Nakusikia unavyohema."

"Nami nasikia harufu ya chakula chako."

 Kisha fundi akashuka.

Mwezi wa tano tangu aanze, alikuwa amepungua kilo tisa. Jumapili hiyo hakushuka. Alipanda, akapumzika, akapanda tena, hadi mlangoni. Dada yake alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Alimshika kaka yake mashavu kwa mikono miwili.

"Umezeeka," alisema.

"Nawe pia."

Dada akamvuta ndani, mezani.

Siku hizi fundi hupanda mara mbili kwa wiki, na presha yake imeshuka. Akifika, dada humshika mkono, wakatembea pamoja ukumbini: hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Wiki iliyopita walifika hadi ngazi ya kwanza ya kushukia. Dada aliitazama kwa muda mrefu.

"Bado," alisema.

"Hatuna haraka," kaka yake akamjibu.