Nicole wa Zoezi la Nne

Siku zile, kabla ziwa halijapanda na kumeza nyumba za chini, mtaa wetu wa Kasenga ulikuwa na secrétariat moja tu, duka la kuchapa na kutoa nakala, yenye connexion ya internet ya kuaminika. Ya kuaminika nasema kwa upole, maana kulikuwa na siku ya kupakua fichier moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini jamani, tuliipenda! Jumamosi moja ya mwisho wa muhula watu walijaa mpaka mlangoni, huyu na karatasi za photocopie, yule na barua ya kuomba kazi. Nyuma ya meza alisimama Sharifa, mtandio mweupe, gauni la kitenge cha bluu lililomkaa barabara, kalamu juu ya sikio. Akaingia Rénovat, mwalimu wa darasa la tatu kutoka Luberizi, tai shingoni na vumbi mpaka kwenye kope.

«Dada, natafuta masomo ya hesabu kwa internet. Ya bure.»

«Bure! Walimu munapenda hilo neno.» Sharifa akacheka. «Kaa hapo. Leo internet iko inatembea kwa miguu.»

Alikaa saa tatu nzima. Kitabu kikatoka hatimaye, kurasa arobaini, kizuri, kimetungwa Ulaya. Rénovat akakisoma, akanywea.

«Treni mbili zinaondoka mjini... Dada, watoto wangu hawajaona treni hata moja. Na haya matofaa nitawaonyesha wapi?»

Sharifa akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. «Ona hapa. Wanasema: chukua, badilisha, gawia wengine, ila utaje aliyetunga. Basi badilisha, mwalimu! Treni iwe pikipiki, matofaa yawe mikeke, samaki wa ziwa letu.»

«Weye unajua hii yote?»

«Minye niko nasoma karatasi za watu siku nzima. Unafikiri niko natazama imprimante ikitoa karatasi tu?»

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa hesabu za samaki. Kila Jumamosi Rénovat aliteremka mjini, wakakaa bega kwa bega, yeye anatunga kwa Kiswahili, Sharifa anaandika kwa mashine. Walipofika zoezi la nne Rénovat akasoma kwa sauti ya darasani: «Sharifa alinunua mikeke kumi na mbili, akampa mwalimu nusu. Mwalimu ana furaha ngapi?»

«Furaha haihesabiwi, weye.»

«Njo maana sijaweka jibu.»

Swali la furaha wakalifuta, watoto wasije wakachanganyikiwa, lakini jina la Sharifa likabaki kwenye mazoezi yote. Wakakirudisha kitabu mtandaoni na ruhusa ileile: chukua, badilisha, gawa. Siku hiyo walikunywa soda wakitazama ziwa, na Sharifa hakujali nani anawaona.

Kisha Rénovat akatumwa Bukavu, stage, mafunzo ya miezi miwili. Simu zikawa hazikatiki.

«Chéri, umekula?»

«Nimekula. Huku ziwa iko, mikeke haiko. Na weye hauko.»

«Muongo! Wasichana wa Bukavu wamekuzunguka.»

«Wanizunguke, minye niko nahesabu siku.»

Utani, lakini utani nao una mbegu zake. Juma lililofuata akaja mwalimu Pudentienne, mama mnene mchangamfu wa Mulenge, kule milimani kwa wafugaji, akampa Sharifa clé yake ya USB amtolee kitabu. Jalada lilikuwa na jina la Rénovat. Sharifa akatabasamu. Ukurasa wa tatu ukatoka, zoezi la nne: Nicole. Zoezi la tano, Nicole. La sita, Nicole. Mashine ilitema kurasa zote arobaini, na ndani ya zote hakuna Sharifa hata mmoja. Akamaliza kazi, akamuaga mama Pudentienne kwa adabu, akaingia chooni akalia. Kuuliza si ujinga, tunajua sote, lakini nani anauliza akiwa na wivu? Akaifungia namba ya Rénovat.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Shangazi yake Sofia, aliyemlea, akaleta posa ya Bilal, muuza vitenge, mtu wa dini na heshima. «Jibu anataka Ijumaa, baada ya sala.» Sharifa akasema atajibu, na moyoni alishakubali, kwa hasira tu.

Ijumaa hiyo asubuhi Pudentienne akarudi na clé yake. Safari hii Sharifa alishindwa kujizuia.

«Mama, samahani. Huyu Nicole ni nani?»

«Nicole? Mutoto wangu wa mwisho!»

«Na mwalimu Rénovat... anamujua?»

«Atamujulia wapi? Hata minye huyo mwalimu simujui. Nilikuta kitabu kwa internet, nikatoa samaki, watoto wetu hawajui samaki. Nikaweka maziwa, na Nicole wangu. Jina la mwalimu sikuligusa. Si njo ruhusa inasema?»

Sharifa akasoma. *Nicole alikama lita kumi na mbili.* Maziwa! Wivu ulimwonyesha jina, ukamficha maziwa. Akaomba ruhusa, akatoka nje na simu.

«Allô? Réno? Ni minye.»

«Minye wako wengi.»

Akamweleza yote, kwa kwikwi. Upande wa pili sauti ikapanda. «Miezi mitatu, Sharifa! Nilikuja hapo dukani mara mbili, ukajificha! Nilijua ni juu ya dini yangu. Nikasema, ameona huyu ni Mukatoliki wa mashamba ya muchele.»

«Wallahi sikuona dini. Niliona Nicole.»

Rénovat akaguna. Mwisho akacheka, na sauti ilikuwa imelowa. «Leo naondoa ile ruhusa. Muntu asiguse jina lako tena.»

«Hapana, Réno. Watoto wa Mulenge waachiwe maziwa yao. Minye njo nilikufundisha. Lakini leo baada ya sala kuna muntu anangoja jibu langu. Anataka kunioa.»

«Sikia basi. Kwa kitabu, kila muntu anaweza kutoa jina lako. Twende tuliandike kwa état-civil, kwenye kitabu ya ndoa ya serikali, pembeni ya langu. Pale hakuna mwenye ruhusa ya kubadilisha.»

Adhuhuri Shangazi Sofia alikuwa amekaa sebuleni, leso mpya, tayari kupeleka habari njema.

«Basi nimwambie Bilal nini?»

«Umwambie aksanti, shangazi. Mume iko Luberizi.»

«Luberizi! Mukristo?»

«Ndiyo, shangazi.»

Mama wa watu akafungua leso, akaifunga tena. «Ulikonda miezi mitatu, nikadhani ni malaria,» akasema. «Aje mwenyewe, mchana, tumuone kwa macho.»

Sharifa akamwangukia mapajani, akalia kama mtoto, na shangazi naye akamlilia kichwani.