Pipa la Subiri

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi juu ya mahindi, ndani ya pipa la bati lililozidi urefu wa mlango wa nyumba. Ufunguo wa kufuli la mdomo wa chini, wa kuchotea, ulikuwa bado shingoni mwake, umefungwa kwa kamba.

Inspekta alipanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye tundu la juu, akakitoa upesi. Alikuwa mwanamke asiyependa mahali finyu hata kidogo. Hata lifti alikuwa akiikwepa. Mahindi yalikaribia paa la pipa. Aliyeingia humo angetambaa tu.

"Amekosa hewa," alisema daktari wa polisi. "Kucha zimevunjika kwa kukwaruza bati."

Ukingoni mwa tundu kulikuwa na grisi, na chini ya ngazi ulikuwa umeanguka utepe wa mpira wa baiskeli wa kukazia mfuniko, umekatwa kwa kisu. Ncha yake ilikuwa imechomekwa mara mbili chini ya mzunguko. Inspekta aliutia kwenye mfuko wa ushahidi. Mfuniko ulifungwa kwa nje. Haya yalikuwa mauaji.

Marehemu, mkulima, watu walimwita Subiri, maana kila mavuno wanunuzi walisikia kwake neno hilo moja. Mdogo wake, aliyekuwa akiuza mahindi hata kabla hayajakauka, walimwita Bei Leo. Ndiye aliyeona viatu vya kaka yake chini ya ngazi, akakata utepe. Koplo alikuwa ameshatoa pingu.

"Uligombana naye," Inspekta alimwambia.

"Nani hajagombana naye? Kaka alikuwa na wazimu wa kuhifadhi, afande. Kwenye kihenge, dumuzi wakatoboa mahindi. Akaja na magunia ya dawa, akayachoka. Akanunua mifuko isiyopitisha hewa, panya wakaitoboa. Ndipo akaleta hilo pipa. Nikamwambia, uza tupumzike!"

"Ukamfungia humo."

"Mimi? Hata kulifunga sijui!"

Maiti ilipoondolewa, Inspekta alimpa utepe mwingine apande ajaribu. Bei Leo aliuzungusha kama anayefunga mzigo wa kuni, ukamfyatukia usoni. Koplo aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

Mjane, Mama Pacha, alikuwa ameketi kizingitini na wanawe wawili, wembamba wote watatu.

"Shemeji yako hajui kulifunga. Wewe je?"

"Pipa lilikuwa mambo ya mume wangu. Sijawahi kuligusa."

Inspekta alikuwa akiutazama mlango nyuma ya mama yule. Komeo lilikuwa upande wa nje. Kwa ndani, mbao zilikuwa zimelainika mahali palipogongwa na viganja. Hapo hapo akajua la kufanya, akajichukia kidogo.

"Koplo, hayo mahindi ni ushahidi. Pipa libaki wazi hivyo hivyo mpaka kesi iishe."

"Wazi?" Mama Pacha alisimama.

"Wazi."

"Lakini fukusi wataingia. Na mvua hiyo inakuja."

"Sheria ndiyo hiyo, mama."

Wingu lilizidi kutanda. Mama Pacha alikaa, akasimama, akawatazama wanawe. Matone ya kwanza yalipogonga bati hakuomba ruhusa. Alipanda ngazi mbio, akaweka mfuniko, akapaka grisi kwa kidole, akavuta utepe ukakaza, akauzungusha. Ncha akaichomeka chini, mara mbili. Kisha akapitisha kiganja pande zote, kusikiliza kama pumzi inapenya.

Inspekta alikuwa ameinua mfuko wa ushahidi, wenye utepe uliochomekwa vivyo hivyo. Mama Pacha aliuona, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka polepole, utateleza."

Mama Pacha alizungumza akiwa ameegemea ngazi, mvua ikimlowesha.

"Kila mavuno tunangoja bei ipande. Watoto wanalala na njaa pembeni ya pipa lililojaa. Nikiomba, ananifungia ndani, anaondoka kutwa nzima."

"Na jana?"

"Aliingia kusawazisha mahindi, akaniambia nishike mfuniko. Nikafunika, nikaukalia. Nilitaka aonje tu. Akagonga. 'Fungua! Fungua, mama watoto!' Neno hilo mimi nimelisema miaka yote mlangoni, afande. Nikasema nitamfungulia sasa hivi. Sikuinuka."

"Na utepe?"

"Aliponyamaza ndipo nikafunga. Ni chakula cha watoto. Ningeacha kiharibike?"

Bei Leo alijifunika uso. Watoto wangekaa kwake, baba yao mdogo, na Inspekta alimkabidhi ufunguo wa pipa mbele ya mama yao.

"Wapikie leo," Mama Pacha alimwambia shemeji yake. "Leo hii, usingoje."

Kituoni, mahabusu ilikuwa chumba kimoja chenye kidirisha cha kupitishia sahani. Mama Pacha aliingia bila kusukumwa. Inspekta alishika komeo la nje, mkono ukakataa. Alisimama hivyo mpaka koplo akaanza kumtazama.

"Funga tu, Inspekta," sauti ikatoka ndani. "Mimi nimezoea."