Kilichokuwa Kikitafuna

Haya sikuhadithiwa. Yalimpata mtoto wa dada yangu, na mengi niliyaona kwa macho yangu.

Dada ni fundi cherehani, shemeji ni fundi friji. Binti yao wa miaka sita tulimwita Redio, maana akiwaka hazimiki. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nakunywa chai mlangoni kwao, dada akimpima mteja kiuno, Redio sakafuni akipanga vifungo na kuvisimulia habari zake: huyu mkubwa ni baba, yule mwekundu ana kiburi.

Mara akanyamaza.

Macho yakaganda ukutani. Mkono wa kushoto ukajikunja kama mguu wa kuku. Kisha akaanza kutafuna. Mdomoni hamkuwa na kitu, lakini tulisikia chwa, chwa, chwa, kama mtu anayetafuna mafuta mabichi. Mate mazito yakatiririka hadi kwenye vifungo. Mteja alivuta sketi yake pembeni. Ilipita kama dakika moja, kisha Redio akameza, akamtazama mama yake.

"Mama, nani amekula?"

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Baadaye mara sita kwa siku. Hospitali ya kwanza walisema ni minyoo. Ya pili walisema ni deko la mtoto wa pekee, dada akatoka analia. Ya tatu walimbandika nyaya kichwani kwa gundi inayonuka, wakampiga na picha ya ubongo.

"Picha ni safi," daktari akasema.

"Safi vipi, na mtoto anatafuna hewa?" shemeji akauliza.

Daktari akafunga faili. Njiani dada akaninong'oneza, "Hata kama ni baya, kaka, waniambie tu linaitwaje."

Mfa maji haachi kutapatapa. Dada wa shemeji alituletea habari za mama mmoja anayenyonya uchawi mwilini kwa mdomo. Tulikwenda saa nne asubuhi, jua linawaka. Chumba chake kilinuka mafuta yaliyooza na kitambaa cha kudekia. Katikati kulikuwa na beseni jeupe, kingo zake zina utando wa makohozi yaliyokauka. Inzi walitua humo kama wako kwao.

Yule mama aliinama, akabandika midomo yake kwenye kisogo cha Redio. Akanyonya. Sauti ile bado ninayo masikioni. Mtoto alikunja uso, dada akafumba macho. Yule mama akakohoa, akatema. Pu! Bonge la mafuta lenye nywele likatua kwenye beseni.

Shemeji hakuogopa. Alilichota kwa kidole, akalinusa.

"Hili linanuka shombo la samaki," akasema. "Mama, fungua mdomo."

Hakukataa. Ndani ya shavu, kati ya meno meusi, tuliona kifuko cha nailoni, kitupu. Nilikwenda nje nikatapika chai yote. Midomo ile, na mate yale, shingoni mwa mtoto wetu! Niliporudi dada alikuwa anamsugua Redio kwa khanga hadi ngozi imekuwa nyekundu.

Yule mama alikuwa bado anatazama beseni.

"Mimi mwongo, baba," akamnong'oneza shemeji. "Nakiri. Lakini mdomoni niliweka kitu kimoja tu."

Tukachungulia.

Vilikuwa viwili.

Cha pili kilikuwa cha kijivu, laini, kimetafunwa vizuri. Kilikuwa kinafuka mvuke. Inzi wote walikuwa wameondoka.

Tulimbeba mtoto tukaondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata tulipata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba. Huyu hakukimbilia mashine. Alimwambia dada, "Akianza kutafuna, mrekodi kwa simu." Video aliitazama mara tatu.

"Hiki ni kifafa," akasema. "Si kile cha kuanguka. Kinaanzia ndani sana, ndiyo maana vipimo vilikikosa. Huko kutafuna ndiko kulikokifichua. Na mtoto hana deko lolote, mama."

Dada alicheka na kulia kwa pamoja. Jina! Redio alianza dawa, asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza kutafuna kukapungua. Wa tatu kukakoma kabisa, na maneno yakarudi kwa fujo.

Shule zilipofungwa alikuja kukaa kwangu. Siku ya sita, mchana, dada akapiga simu.

"Njoo," akasema. "Usije naye."

Nilimwacha kwa mke wangu, nikaenda. Shemeji alikuwa ametoa godoro la Redio nje kulianika, na alipoligeuza hakuthubutu kuligusa tena. Upande wa chini palikuwa na shimo. Kubwa kama kichwa. Sponji ilikuwa imetafunwa, ikatemwa, ikatafunwa tena, uji wa njano unaonuka kama kinywa kisichopigwa mswaki. Kwenye kingo kulikuwa na alama za meno.

Redio ana mapengo mawili mbele. Alama zile hazikuwa na pengo. Na zilikuwa pana kuliko zangu.

Nilisogeza kidole. Dada akaniambia acha, nikawa nimeshagusa.

Mate. Mengi. Mtoto yuko kwangu siku ya sita, na mate yale yalikuwa bado yana joto.