Watu Ishirini na Watatu wa Nyumba Namba Tisa

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa kumi jioni, ndipo mambo ya Krastyo yalipoharibika.

Siku tatu nyuma alikuwa sokoni, kwenye foleni ya cheri, akamkanyaga mwanamke mwenye gauni la kijani na hereni za fedha.

"Mguu huo una mwenyewe, kaka."

"Samahani bibie, nilikuwa naangalia cheri."

"Cheri ziko kule. Wewe ulikuwa unaangalia huku."

Wakacheka. Jina lake Zdravka. Wakapigiana simu mpaka masikio yakapata moto.

"Jumamosi njoo kwangu tuangalie filamu," Krastyo akajikaza. "Nimenunua diski."

"Nyumbani kwako?"

"Nyumbani, mpenzi."

Krastyo ndiye msimamizi wa jengo letu, mtunza kitabu cha nyumba, kile anamoandikwa kila mkazi na mahali anapoishi. Sinema ya mji wakubwa waliifunga, wakaweka duka la matairi, wala hawakumuuliza mtu. Basi kila Jumamosi yeye hutundika shuka la kuonyeshea filamu kwenye chumba cha chini, pale tunapochomea pilipili wakati wa vuli, nasi tunashuka na viti. Mimi tangu mke wangu afariki, ni Jumamosi hizo tu zinazonitoa kitandani.

Jumamosi hiyo Zdravka akashuka humo, midomo myekundu, mkononi sahani ya banitsa, ule mkate wa jibini, ya moto, akakuta vichwa ishirini na vitatu.

"Krastyo, hawa ni nani?"

"Majirani."

"Kibali unacho?"

"Cha nini? Diski ni yangu."

"Ni yako kuangalia na familia. Ukikusanya watu, lazima mwenye filamu akuruhusu. Mimi nafanya kazi ofisi ya vibali, jamani!"

Krastyo akatabasamu kama mshindi, akaleta kitabu. "Nilisoma maandishi ya kwenye kasha: ya kuangalia nyumbani tu. Hawa wote wanaishi kwangu. Soma."

Zdravka akasoma kwa sauti. "Stamena Gocheva. Nyumba namba tisa, kwa Krastyo. Tangu Machi?" Akamtazama Stamena, fundi cherehani, mabega mazuri, blauzi ya maua.

"Nimeandikwa tu, dada! Hata chai sijawahi kupewa huko!"

Chumba kizima kikacheka. Zdravka akaondoka na banitsa yake.

Krastyo alipompigia simu, Zdravka akapokea kwa sauti kavu. "Hata sijui kilichoniudhi. Sheria, au huyo mwanamke."

"Hata mimi sijui nimekosea wapi, kipenzi."

Angejuaje? Sheria zinaandikwa na watu ambao hakuna jirani anayewabishia hodi.

Alhamisi Zdravka akaja, koti la kazini, fomu mkononi. "Jaza. Jina la filamu, mahali, idadi ya watu. Nitaipeleka mwenyewe kwa mwenye filamu."

"Umenisamehe?"

"Futa Stamena kwanza."

Krastyo akachukua rula, akatukata kitabuni wote ishirini na watatu, mimi nikiwemo. Akabaki ameshika kalamu. "Sasa naishi peke yangu. Nikuandike wewe? Safari hii kweli."

Hereni zikatikisika kwa kicheko. "Na harusi tufanyie wapi, mzee wa shuka?"

"Chumba cha chini. Na filamu."

Zdravka akamnyang'anya kalamu, akaiinamia fomu, akasita. Akamtazama Krastyo, akatutazama na sisi tuliojazana mlangoni.

"Hawa wote wakija harusini kwetu, wakakaa, wakala, shuka likatundikwa, hapa nijaze nyumbani au hadharani?"