Hodi kwenye Lango la Saba

Kisanduku kilikuwa wazi na kitupu. Truphena alikikuta hivyo juu ya meza ya Lulwa, Jumanne saa kumi na dakika ishirini jioni, katika nyumba moja ya Al-Hamra, Jeddah, na kabla hajatua kikapu cha nguo alijua lawama itamwangukia nani.

Kadi iliyokuwa humo ilikuwa ndogo kama kucha ya kidole gumba. Ilibeba mchezo wa video wa Malango Saba, ule uliozaa katuni ya Kijapani ambayo Lulwa, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliitazama kila Jumamosi huku Truphena akipiga pasi pembeni. Vipindi vyote kumi na viwili walivimaliza pamoja. Hinami, fundi wa funguo, alifungua malango sita, kila moja kwa ufunguo aliouchonga mwenyewe, na katuni ikaisha akiwa bado amefungiwa nyuma ya lango la saba.

Kadi hii ilikuwa na mwisho mpya. Lulwa aliishinda Jumapili kwenye maonyesho ya Riyadh, ya kwanza kabisa kutolewa. Nyingine zingetoka mwezi ujao. Mama yake, Madam Nouf, alimkataza kuigusa hadi mitihani iishe Alhamisi.

Alhamisi hiyohiyo Truphena angepanda ndege. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha. Nyumbani Vihiga, Kenya, alimwacha binti yake Maureen akiwa na miaka mitatu, na sasa mtoto alikuwa amejifunza kumuuliza kwenye simu, "Mama, unakuja kesho gani?" Pasipoti na karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini vilikuwa kabatini kwa madam.

Madam aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alitazama kisanduku, akamtazama Truphena, akashuka kutia geti kufuli kwa mkono wake.

"Kadi mafi, safari mafi," alisema aliporudi, yaani kadi hakuna, safari hakuna. "Hatoki mtu humu. Isipopatikana kabla ya magharibi, naita polisi."

Lulwa aliiona kadi kwa mara ya mwisho saa nane na nusu, kabla ya kushuka sebuleni kufanya hesabu na mama yake. Hao wawili hawakuachana. Walibaki Truphena, dereva Hezron, na Majid, mdogo wake madam, aliyekuja nao kutoka Riyadh, ambako kazi yake ilikuwa kucheza michezo ya video mbele ya kamera watu wakimtazama mtandaoni.

Hezron alirudi na mikate saa kumi na nusu. Madam alimwamuru atoe vilivyo mfukoni. Kikaanguka kitu kidogo, chembamba.

"Haya. Ni nini hiki?"

"Madam, hiyo ni laini ya simu," Hezron alisema, jasho likimtoka. Akamgeukia Truphena kwa Kiswahili. "Tru, niokolee hapa. Hiyo kadi yenu mimi sijui hata inakaa aje."

Truphena aliinua laini, kisha akaikunjua risiti iliyoanguka nayo. "Madam, soma saa. Tisa na dakika arobaini, duka la Al-Baghdadiyah. Ulimtuma mikate saa nane na nusu na geti ulilifunga nyuma yake wewe mwenyewe."

"Mikate ya hapa nyuma tu. Kwa nini ulienda Al-Baghdadiyah?"

"Huko laini ni bei poa, madam," Hezron alijibu, akiangalia viatu vyake.

Majid alishuka akipiga miayo. Alisema alilala chumba cha wageni tangu adhuhuri. Dada yake hakumuuliza la pili.

"Basi amebaki mmoja," madam alisema.

Truphena alifungiwa chumba cha kufulia, ambamo pia alikuwa akilala. Hakikuwa na dirisha. Alikaa juu ya godoro, magoti kifuani, akisikiliza mashine ya kufulia ikizunguka. Alihesabu: Jumatano, Alhamisi. Zilikuwa zimebaki kesho mbili tu za kumjibu Maureen.

Saa kumi na moja na robo, nyayo zilisimama mlangoni.

"Usilie, Truphena," ilikuwa sauti ya Majid, yenye kicheko. "Fanya kama Hinami. Bisha mara tatu kutoka ndani, lango lifunguke."

Akaenda zake.

Truphena alibaki akiutazama mlango. Kwao hodi hupigwa na aliye nje. Nani anapiga hodi akiwa ndani? Wazo hilo la ajabu ndilo lililomfanya asimame. Aligonga hadi Lulwa akaja.

"Habibti, katika vipindi vyetu Hinami amewahi kubisha?"

"Hajawahi. Anachonga funguo."

"Na mwisho mpya, nani ameuona?"

"Hakuna. Riyadh waliniambia mimi ndiye wa kwanza."

"Niitie mama yako. Na mjomba wako."

Walikusanyika penye mlango wa chumba cha kufulia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Hezron alisimama nyuma, mikate bado mkononi.

"Bosi Majid," Truphena alisema taratibu, "umeniambia nibishe mara tatu kama Hinami. Ulimwona wapi akibisha?"

"Ulikuwa mzaha. Nimeona mtandaoni."

"Mtandao gani, mjomba?" Lulwa aliuliza. "Haipo mtandaoni."

Majid alirudi hatua moja kuelekea ngazini.

"Lete begi lako," madam alisema.

Kadi ilikuwa ndani ya mashine yake ya michezo.

"Ningeirudisha saa kumi," Majid alisema hatimaye. "Nilitaka niwe wa kwanza kuonyesha ule mwisho. Nilipokuja kuirudisha nikamkuta huyu na kikapu chake. Kisha ukafunga nyumba, ukaanza kupekua mifuko ya watu."

"Ukanyamaza."

"Si anaondoka Alhamisi? Nilidhani utamfokea, aende zake, yaishe."

"Yangeishia wapi, bosi?" Truphena aliuliza.

"Halas, yameisha," madam alisema. Hakumtazama mtu. "Majid, leo leo unarudi Riyadh."

Lulwa aliifumba kadi yake kiganjani. "Mjomba ameniambia mwisho hata sijacheza," alinung'unika.

Jumatano baada ya chakula cha mchana Truphena alikuwa akifunga sanduku lake katika chumba cha kufulia. Kwa miaka miwili mlango ule ulifunguliwa tu, saa yoyote. Sasa aliusikia ukigongwa: moja, mbili, tatu, kisha kimya. Chini ya mlango kilionekana kivuli cha viatu vya madam, vimesimama, vinangoja.

Truphena alilikunja gauni la mwisho alilomnunulia Maureen, akalilaza vizuri juu ya mengine.

"Karibu," alisema, kwa Kiswahili, na madam akaingia na pasipoti mkononi.