Shemeji Alinivunja Mgongo, Lawama Wakaupa Mkanda

Nina miaka thelathini na sita, ni msusi, na nimeketi. Nasema nimeketi kwa sababu kusuka ni kazi ya kusimama, nami sitasimama tena... Mniwie radhi nikiandika kwa hasira. Hasira ndiyo pekee iliyobaki nzima mwilini mwangu!

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Section 58, Nakuru, mimi, mume wangu Baba Brayo na watoto wetu wawili. Mume wangu aliponunua gari, jambo la kwanza alilofanya si kukagua breki. Alilipeleka kwa fundi likavalishwa viti vya ngozi nyekundu, nyekundu ya kuumiza macho! Fundi alimwuliza kama aache matundu ya kutolea vifungo vya mikanda ya nyuma. Akakataa. Eti matundu yangeharibu urembo! Vifungo vikashonewa ndani, na hakuna aliyeviona tena.

Nilinung'unika. Akaniambia niendeshe salon yangu, yeye aendeshe gari lake.

Mtetezi wake mkubwa alikuwa kakake, Ndung'u. Shemeji huyo alizijua sheria zote na hakuheshimu hata moja. Kila Jumapili alikuja kula kwangu, na akishashiba alihubiri kwamba serikali haina haki ya kumfunga mtu mzima kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Mtu akitaka kufa, afe kivyake! Afe kivyake... Mnasikia maneno hayo?

Siku ya ajali, watoto wakiwa nyumbani, sisi watatu tulikuwa tunaenda Kabazi kupeleka mahari ya mdogo wao. Mimi niliketi mbele, nimejifunga. Ndung'u alikuwa nyuma yangu, amejitandaza na suti yake. Tulipoona askari barabarani, mume wangu aliuvuta mkanda, akaupitisha kifuani bila kuufunga, akaushikilia kwa mkono mpaka tukapita. Kisha akauachilia, na wote wawili wakacheka. Nyuma askari hakuangalia. Nani huangalia nyuma?

Niliwaambia kwamba siku moja watamuumiza mtu.

"Shem, si wewe umejifunga?" Ndung'u akasema. "Basi tulia. Wewe jichunge, na mimi nijichunge."

Tulipopita Bahati, trekta lilichomoka shambani bila kusimama. Baba Brayo alikanyaga breki lakini tukaligonga. Mkanda ulinishika barabara. Nakumbuka nikijiambia, nimepona! Halafu kitu kizito kikanipiga kutoka nyuma, kiti kikakunjika nami ndani yake... Kitu hicho kilikuwa shemeji yangu, na suti yake na mahubiri yake!

Yeye aliteguka bega. Mume wangu alipoteza meno mawili. Mimi nilivunjika uti wa mgongo.

Daktari alitueleza vizuri, mume wangu akiwa kando ya kitanda, kwamba mkanda haukuwa na kosa lolote. Ni uzito wa mtu wa nyuma ulionivunja. Mume wangu akatikisa kichwa kuitikia. Kisha akatoka nje, akawaambia jamaa waliokuja kuniona kwamba ni mkanda! Eti wasiojifunga wametoka wakitembea, na aliyejifunga ndiye hatembei.

Uongo huo ulisambaa kote, kanisani, kwenye steji ya matatu, hata salon kwangu. Wateja niliowasuka kwa miaka walikuja kunipa pole, na kabla ya kuondoka wakaniambia hawatajifunga tena, wamejifunza kwangu. Kwangu! Niko hai, nina mdomo, na mwili wangu unatumiwa kutetea ujinga ulionivunja. Kuna usaliti unaoushinda huo?

Nilimwomba mume wangu jambo moja tu, aseme ukweli mbele ya watu wao.

"Mama Brayo, nikisema ni Ndung'u, mathe ataishi aje na hiyo? Wacha tu ikuwe mkanda. Mkanda hauna mama."

"Na mimi," nikamwuliza, "sina mama?"

Kwa hivyo nilimpigia mama simu, akaja kunichukua pamoja na watoto. Sasa niko kwake huku Bahati. Mama mzee, magoti yake yenyewe yamechoka, ndiye ananiogesha na kunigeuza kitandani. Na Ndung'u? Bado anapanda magari, bado anaketi nyuma, bado hajifungi. Tofauti ni kwamba siku hizi yuko nyuma ya mtu mwingine...

Wenzangu, kabla gari halijaondoka, pitisha mkono chini ya hivyo vitambaa vya viti utafute kifungo. Usipokipata, shuka. Ukiitwa mwoga, itika, kisha uendelee kushuka. Na dada zangu, msikubali kujifunga peke yenu mkafikiri mmejilinda. Mimi nilijifunga, na niko hapa!

Na wewe unayesema mkanda ni shauri lako mwenyewe, sibishani nawe. Njoo hapa Bahati, uketi kiti cha mbele, ujifunge vizuri. Mimi watanibeba waniweke nyuma yako, bila mkanda. Halafu umwambie dereva aende mbio.