Twende Goma, Tusiende?

Asubuhi ile Edmond alikuwa uani kwake, Bulengera, akichonga gurudumu la chukudu, kile kigari cha mbao kinachobeba magunia mji mzima wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Mke wake Kavuo alikuwa akichagua maharagwe. Mama yake Edmond, ambaye wote walimwita Mukaka, yaani nyanya, alikaa juani akilalamikia baridi. Butembo ni mji wa baridi tangu enzi na enzi, lakini Mukaka aliilalamikia kana kwamba imeanza jana.

Ndipo redio ya jirani ikasema kwamba volkano imechoma Goma.

Kavuo aliacha maharagwe. Edmond aliacha gurudumu. Goma ndiko alikokaa Lusenge, mtoto wa mwisho wa Mukaka, fundi cherehani, na mke wake Virginie na watoto wao. Mukaka alijifunika kitenge usoni.

Baadaye ujumbe ulifika kwa phonie, ile redio ya kuzungumzia. Lusenge yuko hai. Virginie yuko hai, na watoto pia. Lakini nyumba na cherehani viko chini ya lava, lile jiwe la moto. Majirani walipiga makofi kumshukuru Mungu. Kisha kila mmoja akaanza kufikiria safari.

Lazima nieleze jambo hapa. Katika ukoo wa Edmond, nyumba ikiungua, ni kilio kama vile mtu amekufa. Ndugu wanakuja na chakula. Wanakoka moto na kulala chini, nje, karibu na mwenye msiba. Hawaingii kulala ndani kwake, maana aliyekuja kulia halali kwa starehe. Ukoo huu ulitoka Masereka, kwenye milima yenye upepo mkali. Kwa hiyo wanapolala kilio wanatafuta bonde dogo, mahali pa kujikinga na upepo. Ni desturi ya upendo, na mimi siicheki. Imewafariji watu wengi.

Baba mdogo wa Edmond aliitwa Salomon. Alikuwa mkulima wa Musienene, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alifika na magunia ya maharagwe na viazi, pamoja na mke wake Vagheni, mtoto wao mchanga na kijana wao mkubwa, Kasonia.

"Camion inaondoka siku ya soko," Salomon alisema, akimaanisha lori la Goma. "Edmond, ubebe mama yako, bibi yako Kavuo na batoto bote. Lusenge aone kama iko na batu."

"Mutoto anakohoa, Baba mudogo," Kavuo alisema polepole, akimpakata Shekinah, binti yake mdogo.

"Kikohozi hapana zuia kilio."

"Mimi naenda," Mukaka alisema. "Hata kwa miguu."

Edmond alifikiria njia. Wakati ule nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Butembo na Beni zilikuwa na wakubwa wao wenye bunduki, na Goma ilikuwa na wakubwa wengine. Kwenda Goma kulikuwa kama kwenda nchi ya watu. Kila kizuizi barabarani kilikuwa na askari wake, na kila askari alikuwa na njaa yake.

Jirani yao Rébecca alipita kuwapa pole. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na kabla ya vita alifanya kazi miaka mingi Goma. Alitazama magunia, akawatazama wao.

"Lusenge amewaita?" aliuliza.

Salomon alicheka. "Mama Rébecca, mutu anaitwa ku kilio?"

"Ku kilio ya nyumba moja, hapana. Mais hii ni muji muzima. Mayi ya robinet, ya bomba, imekatika. Mukifika, mutakunywa nini? Ile kidogo ya batoto yake? Na hii maharagi, mutaipika na kuni gani? Inaomba kuchemka nusu ya siku."

"Tutabeba makala," Salomon alisema, maana makaa huitwa hivyo kwao.

"Na kulala?"

"Chini, kama siku zote."

Rébecca aliweka mfuko wake chini. Sauti yake ilibadilika.

"Baba Salomon, unisikie bien. Kule, chini ndiyo fasi ya mubaya kuliko yote. Volcan inatoa pumzi ya kuua. Batu ya Goma banaiita mazuku. Hauioni. Pengine hata harufu hapana. Ni nzito kuliko hewa, donc inashuka mu mashimo na mu mabonde, inatulia pale kama mayi mu basani. Mutu akilala mule, haamuki. Ukiona mbuzi amekufa mule, ao ndege amekufa, ao moto inazimika bila sababu, panda juu mbio. Na ukiona mutu ameanguka mule, usimufuate."

"Usimufuate?" Kasonia alishtuka. "Na kama ni ndugu yako?"

"Hata ndugu. Ita batu ya secours, ba kuokoa, benye biko na vyombo. Ukishuka weye, mutakuwa maiti mbili."

Salomon alipiga paja lake. "Haya! Tumekimbia basoda na bunduki zao, tumelala mu pori na mvua. Sasa tukimbie pumzi!"

Watu wote walicheka. Hata Edmond alicheka kidogo. Kicheko kile kinaniuma ninapokiandika.

Lakini maneno ya Rébecca yalimkaa Edmond moyoni. Siku ya soko ilipofika, alimwambia Salomon, "Baba mudogo, tungoje kwanza. Nataka Lusenge mwenyewe aniambie kama tuende."

Salomon alimtazama juu hadi chini. "Marehemu kaka yangu alizaa mutu muoga," alisema. Akapanda lori na Vagheni, aliyembeba mtoto mgongoni, na Kasonia. Hawakuaga.

Mukaka aligeuzia ukuta uso wake. Kavuo alimpelekea bukari, ule ugali wa kwao, akaisukuma. Alimpelekea mboga, akazisukuma pia, akinywa uji kidogo tu.

"Mama, kula," Edmond alimsihi.

"Nitakula siku mutoto wangu atakula," Mukaka alijibu. "Salomon alienda. Weye mukubwa wake Lusenge umekaa kuchonga miti."

Edmond alirudi kwenye mbao zake. Alilia akiwa ameshika patasi. Kuitwa mwoga na baba mdogo kunauma. Mama yako akikugeuzia uso, inauma zaidi.

Vagheni alirudi kabla ya siku nyingine ya soko. Alikuja na mtoto wake tu. Kavuo alimwona mlangoni, akaelewa, akapiga yowe. Majirani walimiminika. Rébecca naye alikuja mbio.

Vagheni aliketi. Alisimulia bila machozi, kama mtu anayesema habari za watu wengine.

"Tulifika salama. Lusenge alijenga kibanda ya mbao ku kilima. Alituambia tuingie bote, tubanane. Salomon alikataa. Alisema ule anakuya kulia hapana lala mu nyumba ya mwenye kilio. Lusenge alimubembeleza, Virginie alimubembeleza. Alikataa tu. Mimi na mutoto tuliingia, sababu ya mutoto. Kasonia alilala ku mulango."

"Na Salomon?" Mukaka aliuliza.

"Alishuka mu bonde, kando ya ile jiwe mupya. Ilikuwa ingali na joto. Alisema, 'Hapa ni muzuri, upepo hakuna.' Akakoka makala yake, akalala."

Watu waliinama. Kila mmoja pale angechagua mahali palepale.

"Asubuhi tuliona makala imezimika, hata nusu haikuungua. Kasonia aliita, 'Papa!' Salomon hakujibu. Kasonia akashuka kumuamusha. Akafika, akamushika bega. Akaanguka juu yake. Na mimi nilitaka kushuka. Batu ya Goma balinikamata kwa kitenge, kikapasuka, bakanishika mikono. Nikabatukana. Nikabauma. Basi, balikataa kuniachilia."

Kisha machozi yakaja, na hakuna aliyejaribu kuyazuia.

Mngefikiri jambo liliishia hapo. Halikuisha. Kifo kinavuta watu kuliko moto. Ukoo mzima wa Musienene na Masereka ulisema sasa lazima uende, kwa sababu sasa kuna makaburi. Waumini wa kanisa la Salomon walikodi lori. Wazee walijiandikisha, kina mama wenye watoto wachanga pia. Mukaka aliamka kitandani, akafunga kitenge chake.

"Sasa tunaenda," alimwambia Edmond. "Ao utaniambia tena tungoje?"

Edmond akikataa, angeitwa mwoga mara ya pili, na mbele ya msiba. Akikubali, angempeleka mama yake mahali pale. Alimfuata Rébecca, wakaenda pamoja kwenye nyumba ya phonie. Walisubiri sana. Hatimaye sauti ya Lusenge ilitoka, ikikwaruza. Kwenye phonie, anayemaliza kusema husema "À vous", yaani zamu yako.

"Lusenge, ni mimi Edmond. Ukoo yote inataka kuya. Tuende? À vous."

Lusenge alipiga kelele: "Yaya, kaka yangu, musikuye! Nimezika batu balikuya kunifariji. Nilibakopea sanda ku majirani benye hapana kitu. Mayi ya batoto niliosha nayo maiti. Nawaomba, musikuye. À vous."

Rébecca alichukua kipaza sauti.

"Lusenge, ni Rébecca, jirani. Pole sana. Utuambie bintu gani inakusaidia kule. Sema vrai. À vous."

"Bidon za mayi zenye vifuniko. Bâche ya kufunika kibanda. Unga ya bouillie, ya uji, yenye imeisha kukaangwa, sababu kuni hakuna. Maharagi ya Baba mudogo iko hapa ingali, hatuwezi kuipika. Na dawa ya mayi tunapata ku batu ya secours. Basi. À vous."

Njiani Edmond alisema, "Mama hatanisikiliza."

"Pengine hatakusikiliza," Rébecca alijibu. "Mais iko mutu mwenye mama yako atamusikiliza."

Lori lilisimama mbele ya kanisa, limejaa. Watu waliimba nyimbo za msiba. Mukaka alikuwa ameshapandishwa, amekaa juu ya gunia. Rébecca alikuja na Vagheni, amemshika mkono. Wimbo ulikatika. Mjane wa Salomon akiingia, lazima mnyamaze.

Vagheni alisimama mbele ya lori, karibu na taa zake.

"Munaenda kumulilia bwana yangu," alisema. "Mimi nilimuona. Alikuwa mutu wa upendo, na upendo yake ilimulaza mu shimo. Mama Rébecca alituambia bien, mu kiswahili, na tulicheka. Mimi vilevile nilicheka. Mushuke."

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja alisema, "Vagheni, na desturi?"

"Kilio tutalala hapa, kwa Edmond. Mulale munavyotaka, hapa hewa haiuwi mutu. Mais kule munaenda kukunywa mayi ya batoto ya Lusenge. Nani anataka Lusenge amuzike? Anyanyue mukono."

Hakuna aliyeinua mkono. Vagheni alimtazama Mukaka.

"Shemeki, ushuke. Kasonia yangu alikuwa na nguvu kuliko weye."

Mukaka alinyoosha mkono, na Edmond akamshusha mwenyewe, akimbeba kama mtoto. Baada yake kina mama walishuka, halafu wazee. Wengine walinung'unika, na mpaka leo wapo wanaosema Vagheni alivunja desturi. Waacheni waseme. Wako hai.

Wanawake walikaa kwenye uwanja wa kanisa kukaanga mahindi na soya. Kavuo aliongoza kazi. Walisaga unga, wakaufunga kwenye mifuko mizito. Wanaume walileta madumu na maturubai. Rébecca aliwafundisha kuweka kila dumu na kifuniko chake, kwa sababu maji machafu huleta kipindupindu. Lori liliondoka na dereva na mtu mmoja tu wa ukoo, Sikuli, aliyezoea njia ile kwa biashara. Sikuli alibeba chakula chake na maji yake. Alipofika, aliwauliza wenyeji mahali pa kulala, akawatii. Aliteremsha mizigo na kugeuza safari.

Kilio cha Salomon na Kasonia kililaliwa Bulengera, uani kwa Edmond. Hapakuwa na maiti wala jeneza. Watu walilia hivyohivyo, na Vagheni alilia kuliko wote. Hakuna unga uliomrudishia kijana wake. Rébecca alikaa karibu naye.

Sikuli aliporudi, Edmond alimpeleka Mukaka kwenye phonie. Mukaka alikuwa hajawahi kuitumia. Mfanyakazi alimwonyesha pa kubonyeza. Njiani Mukaka alikuwa amepanga maneno mengi ya baraka, lakini aliposikia sauti ya mwanawe yote yalimtoka akilini.

"Mama," Lusenge alisema, "unga ilifika. Batoto bamekunywa bouillie leo, na jana. Hakuna mwenye anahara. À vous."

Mukaka alishika kile chombo kwa mikono miwili.

"Na weye unalala wapi?"

"Ku kilima, Mama. Juu ya meza."

"Meza iko na miguu mirefu?"

"Ndiyo, Mama."

"Lala palepale," Mukaka alisema. "Usishuke kwa ajili ya mutu. Hata ukisikia ni mimi naita."

Alimrudishia Edmond chombo, akamwomba amshike mkono, wakarudi nyumbani. Siku ile alikula.